Waliokunja Kidole Changu

Mimi ni mpakiaji wa jasi wa Makanya. Kwa miaka kumi na tisa nilijaza malori kwa beleshi bila kufikiri hata siku moja kwamba ninapumua. Nani anafikiria jambo hilo? Unafikiria jua, unafikiria vumbi jeupe linaloingia mpaka kwenye kope, unafikiria chakula cha mchana. Nilikuwa mtu wa kujisifu, hilo nalikubali mapema ili usishangae mbele. Vijana walipokuja machimboni wametanua vifua, niliwaacha wapakie nusu saa, kisha nikachukua beleshi langu lenye jina langu kwenye mpini na kuwaonyesha kazi.

Ninaandika haya kwa ajili ya watu waliokaa kwenye lile benchi la nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, wameshika kikapu na chupa ya chai ambayo mgonjwa wao hawezi kuinywa. Ninamwandikia pia mwanamke mmoja wa Mwanga, ingawa sijui kama atapenda kusoma. Mambo ya mapafu na dawa waulize madaktari. Mimi nitasema niliyoyaona nikiwa nimelala chali.

Vuli ya mwaka ule ilianza vibaya, mvua ya siku mbili halafu jua kali tena. Nililowa siku ya kwanza nikiwa juu ya lori, nikacheka. Siku ya nne nikapata homa, nikasema ni malaria, nikanywa dawa za dukani. Siku ya saba nilishindwa kupanda ngazi tatu za kibaraza changu mwenyewe. Mke wangu Zainabu alinikuta nimekumbatia nguzo.

"Baba Mwanaidi, una nini?"

"Sina kitu," nikamjibu, kama nilivyojibu wiki nzima.

Zainabu ni Mgweno, wa juu kule Ugweno kwenye migomba na kahawa. Tangu uchumba wetu nimekuwa nikimtania kwamba Kigweno chao ni Kichagga kilichovuka bonde kikapotea njia. "Wewe Mchagga," humwambia, naye hununa kwa makusudi. Siku ile sikuwa na pumzi ya kumtania. Aliita bodaboda bila kuniuliza, akapanda nyuma yangu na kunishika kiunoni mpaka barabara kuu, na pale tukapata gari la kutufikisha hospitali ya Same.

Same waliniwekea oksijeni, wakasema ni nimonia ya mapafu yote mawili, na mchana uleule wakaita gari la wagonjwa linipeleke Moshi. Nakumbuka milima yetu ikipita kwenye kioo. Nakumbuka Zainabu amenishika kisigino, kwa sababu sehemu nyingine zote za mwili wangu zilikuwa zimeshikwa na watu wa hospitali. Baada ya hapo sikumbuki chochote kwa siku kumi na moja.

Nilizinduka nina mrija mdomoni na mashine inanipumulia. Kifua kilipanda bila mimi kukiamuru, kama tairi linalotiwa upepo, kikashuka, kikapanda tena. Mikono yangu ilikuwa imefungwa kwenye kitanda kwa bandeji laini, nisije nikauchomoa mrija. Nilijaribu kuuliza niko wapi. Mdomo ulikwenda lakini sauti haikuwapo.

Mwili wangu sikuutambua. Mapaja yalikuwa yameisha. Ngozi ya nyayo, ile ngumu ya machimboni, ilikuwa inabanduka vipande vipande na chini yake pamekuwa laini kama pa mtoto. Nyuma, juu ya makalio, palikuwa na kidonda cha kulala ambacho nilikihisi lakini sikuwahi kukiona. Zainabu alipokuwa akinifuta, aliinua mkono wangu kwa vidole viwili, mkono uliokuwa ukinyanyua jasi mbichi, na nikamwona anageuza uso upande wa dirisha.

Kulikuwa na vijifadhila. Sista Neema, muuguzi wa zamu ya asubuhi, kila alipoingia aliniambia siku na saa, na kama nje kuna mvua. Aliniloweshea midomo kwa pamba yenye maji ya baridi, nami nilikuwa naingojea pamba ile kuliko nilivyowahi kungojea mshahara.

Binti yetu Mwanaidi alikuwa shule, na hata angekuja asingeruhusiwa kuingia. Siku moja Zainabu aliniwekea simu sikioni.

"Shikamoo baba."

Kisha akangoja. Nilisikia kuku wa nyumbani kwetu kwenye simu.

"Shikamoo baba," akarudia, sauti imepungua.

Zainabu akaiondoa simu, akaenda nayo nje. Katika maumivu yote ya miezi ile, sindano na mirija na kufyonzwa makohozi, hakuna lililoniuma kama salamu ile iliyokosa jibu.

Wiki ya tatu daktari alisimama kando ya kitanda akanieleza kwa upole. Mapafu yalikuwa yanapona vizuri. Tatizo lilikuwa msuli ulio chini ya mapafu, ule unaovuta hewa. Mashine ilikuwa imeufanyia kazi yake siku nyingi, nao ukalegea. Sasa wangekuwa wanaipunguza mashine kila siku kwa muda mfupi, ili msuli ujifunze kazi upya.

Nilimwelewa haraka. Mpakiaji akikaa nyumbani mwezi mzima, siku ya kurudi beleshi humshinda na viganja hutoka malengelenge. Nikajisifu kimoyomoyo. Mimi nishindwe na kazi ya kuvuta hewa?

Walijaribu saa nne asubuhi. Sista Neema alibonyeza vitu vyake, mlio wa mashine ukabadilika. Nikavuta, ikaja hewa kidogo. Nikavuta tena, ikaja kidogo zaidi. Halafu nikagundua kwamba hewa iko pale mbele yangu, chumba kizima kimejaa hewa, na mimi sina cha kuivutia. Mabega yalianza kupanda na kushuka. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo. Nilikuwa ninazama juu ya kitanda kikavu, watu wananitazama. Nikainua kidole.

Kidole ndiyo ilikuwa ishara yetu. Zainabu alijifunza kwa mwanamke aliyekuwa akikaa naye kwenye benchi, mke wa mwalimu mmoja wa Mwanga aliyelazwa kitanda cha tatu. Wote walimwita Mama Nietiwe. Ndiye aliyemwonyesha Zainabu pa kufulia, pa kuchemshia maji, namna ya kuongea na walinzi, na ndiye aliyemfundisha kwamba mgonjwa asiye na sauti apewe kidole: akikiinua, amechoka, muite sista.

Basi Zainabu aliita, mashine ikarudishwa, kifua kikajaa. Zilikuwa dakika nne. Nililia kwa kuishukuru mashine.

Walipoona siku zinakwenda wakaamua kunitoboa koo ili mrija uhame kutoka mdomoni. Kaka Shabani, mkubwa wetu, alisafiri kutoka Makanya kuja kutia sahihi. Yeye na Zainabu waligombana kwenye benchi. Shabani alisema mtu akishatobolewa koo harudi kuwa mtu, Zainabu akasema basi asitie sahihi, atatia yeye. Mama Nietiwe ndiye aliyewatenganisha kwa kuwamiminia chai. Koo nikatobolewa, mdomo ukabaki huru, na sauti bado haikuja.

Na sasa nitasema jambo ninaloona aibu kulisema. Kila asubuhi mashine ilipopunguzwa, kidole changu kilipanda mapema zaidi. Dakika nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili. Mwisho nilikuwa nakiinua kabla pumzi haijanibana, nikijua tu kwamba itanibana. Sista Neema alijaribu.

"Baba, namba zako bado nzuri. Kaza kidogo."

"Sista, humwoni alivyo?" Zainabu alimwambia. "Mrudishie, tafadhali. Mwache apumzike."

Kila aliyenitembelea alisema hivyohivyo, pumzika, usijichoshe, pole sana. Kwetu mgonjwa hapewi kazi. Anabebwa, analishwa, anaambiwa pole hata anapokohoa. Ndivyo tunavyopenda sisi, na mimi nilipendwa hivyo siku baada ya siku huku msuli ule ukizidi kufa.

Alhamisi moja mashine ya kitanda cha tatu ilinyamaza. Pazia lilikuwa limevutwa, sikuona kitu. Nilikuwa nimezoea kuzisikia mashine zetu mbili zikipishana, ya mwalimu ikivuta wakati yangu inaachia, na sasa ikabaki yangu peke yake. Kisha nikasikia Mama Nietiwe akilitaja jina la mumewe mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje mezani.

Baada ya hapo nilikata tamaa. Sina neno lingine la kulipamba. Jumapili yake, nikiwa nimeinua kidole kama kawaida, kaka Shabani alikuwa karibu nami. Yeye hakujua ishara yetu. Aliona ndugu yake Mwislamu amelala chali, macho juu, amenyoosha kidole cha shahada. Akaanza kunisomea Yasini huku machozi yanamtoka. Sista alipokwisha kunirudishia mashine, Shabani alimvuta Zainabu upande wa pili wa kitanda, nami katikati yao nikisikia yote.

"Shemeji, ameshatuaga. Umemwona mwenyewe. Tuwaombe watutolee, akafie kwake. Asife huku kwenye waya."

Niliposikia kwamba nitapelekwa kwangu, nilikubali. Nataka ulielewe hili wewe uliye kwenye benchi: sikuogopa. Nilitaka. Nilichoka kuzama kila siku saa nne. Kama ningekuwa na sauti ningesema, kaka, leo hii.

"Nipe siku tatu, shemeji," Zainabu akasema.

Siku ya pili yake akaja Severini.

Severini ni dereva wa lori, Mchagga wa Rombo, na lori lake nimelijaza jasi miaka mingi. Wapare na Wachagga ni watani, na utani huo si maneno ya kuchangamsha baraza tu. Mtani ana haki. Anakutukana mbele ya watoto wako na hukasiriki. Kwenye msiba anaingia wakati watu wanalia, anauliza marehemu ameacha nini, anabeba kiti au sufuria, na wafiwa inawabidi wavikomboe kwa pesa. Machimboni mimi nilimwita Mangi, yaani chifu kwa Kichagga, Mangi mpenda Krismasi, kwa sababu Desemba ikifika hata lori likiwa limejaa nusu ataliacha aende kwao. Yeye aliniita Mpare wa kesi, kwa sifa yetu ya kwenda barazani kushtakiana kwa ajili ya kuku.

Aliingia saa ya kuona wagonjwa, amevalishwa lile joho la kijani, akasimama miguuni pangu. Watu wote walikuwa wakisimama kichwani. Yeye alisimama miguuni na kunitazama kama anayekagua mzigo.

"Mpare wewe," akasema. "Hata pumzi unabania ya kwako, unatumia ya serikali."

Kaka Shabani alishtuka. "Mangi, jamani. Huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni wako, mzee. Wangu ni mtani." Akanigeukia. "Beleshi lako nimeshalichukua, lile lenye jina. Niliambiwa unakufa nikasema wasinitangulie. Lakini aisee, kama ni kufa ufe mapema. Tarehe ishirini mimi naenda Rombo. Siwezi kuacha Krismasi kwa ajili ya msiba wa Makanya."

Zainabu alijiziba mdomo kwa upande wa kanga, sikujua kama anacheka au analia. Mimi nilipandwa na hasira. Nilikuwa na majibu matano tayari, mazuri, na yote yakaishia kwenye tundu la koo. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile Mchagga alikuwa amenitukana akaondoka na ushindi.

Siku ile jaribio lilikuwa limesogezwa mbele, kwa hiyo lilifanyika Severini akiwapo. Mashine ikapunguzwa. Nikavuta, nikavuta, kikaja kile kiza cha kuzama, nikainua kidole. Zainabu akageuka kumwita sista. Severini akasogea, akakishika kidole changu, akakikunja.

"Unashtaki?" akaniuliza. "Kwa nani? Hapa hakuna baraza."

Nikakiinua tena. Akakikunja tena, safari hii akakifumbata.

"Severini, mwache," Zainabu alisema. "Mwache, anakufa."

Severini alimtazama Sista Neema, aliyekuwa amesimama palepale macho kwenye kioo cha mashine. "Sista, anakufa?"

"Bado," Sista Neema akasema. "Namba ziko sawa. Amechoka, lakini hafi. Zikishuka nitakuambia na utaniachia kitanda."

"Umesikia, Mpare? Umechoka tu. Kwani kazi gani huchoki?"

Nilimchukia. Nilivuta hewa kwa chuki, moja, nyingine, nyingine, nikimtazama machoni, nikijiambia kwamba nikipata sauti nitamtukana mpaka mababu zake. Kisha nikaona kitu ambacho sijamwambia mpaka leo. Joho lake lilikuwa limelowa jasho kwapani. Sista Neema aliporudisha mashine akasema ni dakika kumi na moja.

Alirudi siku tano mfululizo. Sijui lori alimwachia nani. Kila siku tusi jipya, kila siku kidole kilikunjwa, na kila siku Sista Neema alisimama kwenye kioo chake akisoma namba. Dakika ishirini, arobaini, saa nzima. Kaka Shabani aliacha habari za kunirudisha Makanya, akaanza kuniletea habari za mbuzi wake.

Zainabu hakufurahi kama nilivyotegemea. Jioni moja alikuwa akinikamulia kitambaa, akasimamisha mikono ndani ya beseni.

"Kwa hiyo siku zote zile mimi ndiye niliyekuwa nakuua?"

Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, ambazo zilikuwa chache, na yeye alikuwa ameshainama kuchukua beseni. Akatoka nalo.

Siku ya kuondoka, Severini alisimama tena miguuni. "Nikirudi nikukute umekufa au unapumua. Usinikalie katikati." Akaenda Rombo.

Siku mbili baadaye homa ikarudi. Makohozi yakawa mazito, ya rangi mbaya, na wakaniachia mashine yote kwa siku nne. Walipokuja kujaribu tena, sikufika dakika tatu. Yote tuliyoyapata yalikuwa yamekwenda. Nilimwona daktari akiongea na kaka Shabani mlangoni kwa sauti ya chini, nikamwona Shabani akivua kofia yake na kuishika mikononi. Nje walikuwa wanaimba nyimbo za Krismasi kwenye redio ya mtu. Nilikuwa na kidole changu tu, na hapakuwa na mtu wa kukikunja.

Asubuhi iliyofuata, saa nne, mashine ikapunguzwa. Kabla dakika ya pili haijaisha nikakiinua. Zainabu alikuwa ameketi upande wa kulia. Nikamwona anafungua mdomo kumwita sista, nikashukuru mapema. Hakuita. Alikitazama kidole kile kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka, kisha akakishika.

"Miaka kumi na saba unaniita Mchagga," akasema. "Leo nimekubali."

Akakikunja.

Alitaka kunitukana kama Severini, nikamwona anatafuta. "Mpare wewe," akasema. "Mpare mbaya wewe." Hakupata zaidi. Mwanamke yule hajui kutukana, na machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni. Nilimtazama kwa macho ya kumwomba, macho ambayo alikuwa hajawahi kuyanyima kitu, naye akayahamisha macho yake kutoka kwangu na kumwelekea Sista Neema.

"Sista, namba?"

"Sawa, mama."

Nikakiinua, akakifumbata kwa mikono miwili.

"Sista, namba?"

"Sawa."

"Sista, namba?"

"Bado sawa, mama. Mwache aendelee."

Aliuliza hivyo kwa dakika kumi na nne. Mashine iliporudi aliniachia kidole, kikiwa na alama ya pete yake, akaenda akakaa sakafuni kando ya ukuta. Mimi nilikuwa nimelala tu. Yeye ndiye aliyekuwa amefanya kazi ngumu, na kesho yake akaifanya tena, na kesho kutwa.

Mashine waliiondoa kabisa wiki ya pili ya Januari. Walipoziba tundu la koo kwa mara ya kwanza, Zainabu alinipa simu. Mwanaidi alisema shikamoo kwa haraka, kama mtu aliyezoea kutojibiwa, akataka kuendelea na habari za shule. Nikasema, "Marahaba." Ilitoka kama mchanga. Upande wa pili nikasikia simu imeanguka na kuku wanakimbia.

Usidhani kwamba hapo mambo yaliisha. Nilirudi Makanya mwanzoni mwa Februari nikiwa natembea kutoka kitandani hadi mlangoni kwa vituo viwili. Severini alilileta beleshi, akalisimamisha ukutani na kusema silipati mpaka nilikomboe kwa tusi moja la maana. Nilikuwa nalo tangu Desemba. Lilinichukua pumzi tatu kulimaliza, na kila nilipokwama katikati ya sentensi alisubiri, ameinamisha kichwa, hakunisaidia neno hata moja. Beleshi liko ukutani mpaka leo. Nikiliinua likiwa tupu naona nyota, na machimboni sasa naandika namba za malori tu.

Masika yalipopungua tukaenda Ugweno kuwasalimu wazazi wa Zainabu. Pale Mwanga, tukingoja bodaboda za kupanda mlima, tulikutana na Mama Nietiwe akitoka sokoni. Walikumbatiana kwa muda mrefu. Aliniangalia kuanzia miguuni mpaka juu, akanishika bega kama anayehakikisha nipo. Na Zainabu, kwa furaha, kabla hajafikiri, akamsimulia yote, Severini na beleshi na kidole.

Mama Nietiwe alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na mfuko wa viazi, akauweka chini.

"Mwenzangu naye alikuwa anainua kidole," akasema.

Zainabu akamshika mkono.

"Mimi ndiye niliyekufundisha. Na mimi nilimwita sista kila mara, sikukosa hata mara moja." Alisema bila ukali wowote. "Kwa hiyo na mimi ningekikunja?"

"Hapana, dada," Zainabu akasema. "Wako alikuwa amechoka kweli. Sista Neema aliniambia namba zake zilikuwa mbaya tangu mwanzo. Kukikunja kungekuwa kumtesa."

"Sista alisema hivyo?"

"Alisema."

Mama Nietiwe aliitikia kwa kichwa, akauinua mfuko wake, akatuombea safari njema. Mimi sikuwahi kumsikia Sista Neema akisema neno hilo. Sikumuuliza Zainabu wakati ule na sitamuuliza. Lakini ndiyo sababu nimeandika. Sisemi kwamba matusi yanatibu. Mwalimu wa kitanda cha tatu hakuwa mwoga kuliko mimi, na mke wake hakumpenda vibaya. Huenda mapafu yake yalikuwa yamekwisha, sijui. Ninachokuomba wewe uliye kwenye benchi ni kwamba mgonjwa wako akiinua kidole, kabla hujamhurumia, muulize sista kama amechoka au anakufa, na uamini atakavyojibu.

Bodaboda zilitushusha chini ya kilima cha mwisho kwa sababu ya matope. Tukapanda kwa miguu. Baada ya hatua kama thelathini kifua kikabana, nikasimama, na kidole kikainuka chenyewe, mazoea tu. Zainabu alikitazama. Hakukishika. Alikaa kwenye jiwe kando ya shamba la kahawa, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika.

Nikakikunja mwenyewe. Nikasimama pale kando yake nikivuta pumzi moja, halafu nyingine, mpaka alipomaliza kulia.